Mwaka Ulipoanguka Ukuta wa Kibla

Tulimzika Shangazi Thuwaiba Jumanne asubuhi, na ilipofika Alhamisi, siku ya mwisho ya azaa, ndiyo matanga ya huku, watu wa nyumbani walikuwa wameshaanza kuzungumzia jiwe. Lilikuwa limelala uani chini ya mndimu, refu kama mkono wa mtu mzima, nene kiasi cha vidole vinne, na juu yake lina jina la mwanawe Hilali na maneno ya kumwombea rehema. Wajukuu wa ndugu zake, aliokaa nao uzeeni, walizaliwa wakalikuta pale, na kila Ijumaa walimwona bibi yao akitandika mkeka mbele yake akasoma Yaasin. "Bibi Zuhura, hii jiwe tutaweka wapi?" mmoja wao aliniuliza. "Kwenye kaburi yake haifai, shekhe amekataa." Shekhe alikuwa na haki, makaburi ya huku hayaandikwi, mawe ya mlimani yasiyochongwa yanatosha. Nikamwambia waliache kwanza. Sikumwambia kwamba si jiwe, ni simenti, wala kwamba jina lile nililiandika mimi kwa kidole changu nikiwa na miaka kumi na minane, wala kwamba asubuhi ile nilipolipita kwenda kuchukua buli la kahawa niligeuza uso, kama nilivyougeuza kila nilipolikaribia kwa miaka arobaini na mitano.

Namna nilivyofika mji huu wa Ibra, ng'ambo kwa Waarabu, na nani alibaki Unguja na nani hakubaki, si habari ya hapa. Nilifika na sanduku moja, nikapewa godoro katika chumba cha Shangazi kule mtaa wa zamani, chumba kirefu chembamba chenye dari ya magogo ya mitende na vidaka ukutani. Katika kidaka cha kwanza Shangazi aliweka vikombe vitatu vya Unguja, katika cha pili saa ya mezani iliyokwisha kufa, na katika cha tatu fulana ya Hilali iliyofungwa ndani ya kanga. Pembeni ilikuwapo mbuzi ya kukunia nazi. Nazi hazikupatikana Ibra mwaka ule, ila mbuzi ilifutwa vumbi kila Ijumaa kama kwamba kuna mgeni anakuja. Chakula chetu kilikuwa wali na papa mkavu aliyeletwa na gari kutoka Sur, akachemshwa na ndimu kavu, na ule mkate mwembamba wa wenyeji ambao Shangazi aliuita karatasi. Yeye mwenyewe alikula matonge mawili, matatu, kisha akaisukuma sinia upande wangu akisema kashiba. Mifupa ya mikono yake ilikuwa inaonekana. Nilikula mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa kijana na nina njaa, na mpaka leo naona haya nikikumbuka jinsi nilivyokula vizuri mbele ya mtu aliyekuwa anaisha.

Mazungumzo ya majirani yaliingia kupitia tundu la hewa lililokuwa juu ya mlango. Tulikuwa tukisikia jina letu, wale Wazinjibari, na baada yake kicheko au huruma, na Shangazi aliuliza, "Wanasemaje?" nami nilijibu sijui. Mwanzoni ilikuwa kweli. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu tu, hakikufaa hata kuombea chumvi. Aliyenifundisha cha kusemwa ni Shamsa, binti wa nyumba ya pili, rika langu, msichana mwenye sauti nzito na subira fupi. Tulifua pamoja kwenye mfereji wa falaji, akawa ananionyesha kitu na kulitaja jina lake, na nikikosea ananirushia maji. Kufika msimu wa kuvuna tende nilikuwa nafahamu karibu kila kitu. Shangazi hakutaka kujifunza. "Mie maneno yangu yanatosha," alisema, "aliyekuwa akizungumza nami hayupo." Basi nikawa mimi ndiye ulimi wake, sokoni, kwa daktari, kwa majirani. Sitaficha kwamba nilipenda. Mtu asiye na chochote akipewa ufunguo hujiona mwenye nyumba.

Msikiti wa zamani ulikuwa upande wa pili wa uchochoro. Desturi ya mtaa ilikuwa wanawake waufagie jua likishapanda, wanaume wakiwa mashambani, na zamu ya nyumba yetu ilikuwa Jumatatu. Mara ya kwanza nilipoingia niliona ni mahali duni. Hapakuwa na mnara, kulikuwa na ngazi ya kupandia juu ya paa na kikuba kidogo cha udongo kilichoifunika, kama kofia. Nje ni kuta za rangi ya ardhi yenyewe. Nikafagia nikiona nimepewa ghala. Ni Bu Saif, baba yake Shamsa, aliyenifanya nisimame na kutazama. Alikuwa ndiye mkandikaji wa msikiti, kama baba yake na babu yake. Kila mwaka baada ya mavuno alikanyaga udongo na makapi ya ngano kwa miguu, akauacha uchachuke kwa siku kadhaa, kisha akaukandika juu ya kuta na paa kwa viganja vyake. Hakuniangalia usoni, ila alipenda kusema, na mimi nilipenda kusikiliza kwa sababu alisema polepole na kila neno nilifahamu.

Alinionyesha kwamba kuta zinapungua unene zikipanda, pana chini, nyembamba juu, ili uzito ukae miguuni. Alinionyesha nguzo za duara, fupi na nene, hakuna mbili zilizolingana, kwa sababu kila moja ilijengwa na mtu aliyekuwa na mikono yake. Saa sita mchana, jua likichoma nje, ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya tumbo la mtungi. Kisha alinipeleka kwenye mihrabu, nikaona aibu kwa lile neno ghala. Ilikuwa ya jasi iliyochongwa, maua ndani ya duara, duara ndani ya mnyororo, maandishi yakizunguka tao, jina la fundi na mwaka wake, karne kadhaa nyuma, na katikati kabisa bakuli dogo la Kichina, la buluu na nyeupe, lililopachikwa ukutani kama jicho. Mtu alilibeba bakuli lile kutoka mwisho wa dunia akalitoa kwa msikiti wa udongo, na udongo ukalishika miaka yote ile. Chini kabisa ya pambo la pembeni palikuwa pamemomonyoka, na hapo babu yake Bu Saif alikuwa amepaziba, na alipomaliza akabonyeza kidole gumba katika jasi ikiwa mbichi. "Hakujua kuandika," Bu Saif aliniambia, "hii ndiyo sahihi yake." Nilitia kidole changu katika kile kishimo. Kilikuwa kikubwa kuliko changu na laini sana.

Shangazi alikuwa na jambo moja lililomla, nalo alilisema kila siku kwa maneno yaleyale: "Mtu asiye na kaburi anaombewa wapi?" Hilali alitoka nyumbani asubuhi moja kule Unguja na hakuonekana tena, na hakuna aliyejua kalazwa wapi. Basi karibu na mwisho wa mavuno Shangazi aliamka akiwa na uso mwingine. Alikuwa ameamua kutoa sadaka ya kudumu kwa ajili ya mwanawe. Bangili zake zitauzwa, na ukuta wa kibla wa msikiti utapigwa simenti, ndani na nje, uwe mweupe na imara. Mwaka ule kila mtu Ibra alikuwa anajenga kwa simenti na aliyebaki na udongo alionekana kaachwa na gari. Lakini kwa Shangazi lilikuwa zaidi ya hilo. Kwetu nyumba ya mwenye heshima ilikuwa ya mawe na chokaa. Udongo ni wa banda la mtu asiye na kitu. "Mie nikae kwenye udongo sawa," alisema, "lakini Mola wangu nimwachie udongo, mwanangu?" Siku ile alikula mandazi mawili na kuniomba nimchane nywele.

Wazee wa msikiti walifurahi. Aliyepinga ni Bu Saif peke yake, na wao, ili wasigombane naye, walimwambia azungumze na mwenye sadaka. Akiacha yeye, na wao wataacha. Kwa hiyo jambo lote likawa mikononi mwa Shangazi, yaani katika kinywa changu. Tulimkuta uani mwa msikiti, udongo umemkaukia mpaka kwenye magoti. Aliinamisha macho kwa adabu akasema nami kwa Kiarabu.

"Mwambie shangazi yako Allah amlipe kwa nia yake. Lakini ukuta huu ni udongo tangu chini mpaka juu. Unakunywa maji ya ardhi, kisha unayatoa kwa ngozi yake kila siku bila sisi kuona. Simenti itauziba. Maji yatabaki ndani, ukuta uoze kama jino, na mvua kubwa ya kwanza itauangusha pamoja na mihrabu. Mwambie nitaukandika mimi upya, kwa jina la mwanawe, wala sitaki ujira. Mwambie hivyohivyo."

Shangazi alinigeukia. "Anasemaje?"

Nilimtazama. Nywele zake nilizichana mimi asubuhi ile, na mashavuni damu ilikuwa imeanza kumrudi. "Anasema Allah akulipe kwa nia yako," nikasema.

"Ndiyo hayo tu, maneno yote yale?"

"Na anamwombea Hilali."

Macho yakamjaa. "Mwambie amin. Mwambie ahsante sana, baba."

Bu Saif alikuwa anangoja. "Amesemaje?"

"Amesema amefahamu," nilimjibu kwa Kiarabu, "ila ameshatia nia."

Alitikisa kichwa mara moja, akaenda kunawa mikono. Kwa miaka mingi nilijiambia nilifanya vile kwa huruma, nisimvunje moyo mama wa watu siku zile alizoanza kula. Huruma ilikuwapo. Lakini hata mimi, pamoja na yote niliyoonyeshwa, niliuonea udongo haya, nilitaka majirani wanaocheka juu ya mlango wetu waone Wazinjibari wameleta kitu. Na Bu Saif nilimwona mzee anayelinda kazi yake. Hayo matatu yalikuwa ndani ya sekunde moja, na siwezi kuyatenganisha hata leo.

Simenti ilipigwa na mafundi wa kuajiriwa, siku mbili. Bu Saif hakuonekana. Mihrabu yenyewe waliiacha, ila lile pambo la pembeni lililomomonyoka Shangazi aliona linatia unyonge, akaomba lifunikwe, na mimi ndiye niliyewatafsiria mafundi. Niliona simenti ikitandazwa juu ya kidole gumba cha babu yake Bu Saif na nikaendelea kutafsiri. Kisha Shangazi aliniambia niandike jina. Yeye mwenyewe alininyooshea mahali, hapohapo palipofunikwa. Nikaandika Hilali, nikaandika Allah amrehemu, simenti ikiniuma kwenye kucha. Shangazi alikaa mbele ya lile jina mpaka adhana ya adhuhuri, na jioni ile alikula sahani nzima.

Alikuwa mzima kwa miezi mitano. Nasema hivi kwa haki yake na si kwa kujitetea. Aliimba akipika, aliikunja ile fulana akaiweka sandukuni. Nami Jumatatu nilipofagia niliona chini ya ukuta mweupe mstari wa unyevu unaopanda, kwanza kifundoni, halafu gotini, na harufu ya tumbo la mtungi imegeuka harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Niliujua mstari ule ni nini. Nilikuwa bado na muda wa kusema.

Mvua ilikuja siku nne mfululizo, bonde likajaa, barabara ya kwenda Al Qabil ikakatika. Siku ya nne asubuhi, watu wameshatoka msikitini baada ya swala ya alfajiri na bado hawajarudi kwa adhuhuri, tulisikia sauti, wala haikuwa kubwa, kama mtu aliyeshusha gunia la mchele. Ukuta wa kibla ulikuwa umekaa chini. Udongo ulikuwa uji, jasi imelainika na kuvunjika, maua yakisagika kila mtu akijaribu kuyaokota. Bakuli la Kichina lilikuwa vipande. Juu ya matope yale, safi, halina hata ufa, lilikuwa bamba la simenti lenye jina la Hilali.

Shangazi alipiga magoti mvuani akalipangusa kwa kanga. "Alhamdulillahi," alisema. "Umeona, Zuhura? Vyote vimekwenda, jina limebaki." Aliomba alichukue, na nani angemkatalia. Watu wanne walilibeba, na tangu siku ile mtoto wake akawa na kaburi.

Bu Saif alikuja ameshika pambo moja la jasi, linamchuruzika kati ya vidole. "Ulimwambia?" aliniuliza.

"Nilimwambia."

"Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema."

"Basi," akasema. Shamsa alikuwa nyuma yake, alisikia. Hakunisemesha tena. Mwaka uliofuata msikiti mpya ulijengwa penye barabara, ule wa zamani ukaachwa kwa popo, na Bu Saif akahamia Al Qabil kwa ndugu zake, wala hakukandika ukuta mwingine mpaka alipokufa. Shamsa aliolewa mtaani kwetu akabaki. Kila Idi Shangazi aliwapelekea sahani ya visheti, na sahani ilirudi imeoshwa, tupu. Anayejua mambo ya huku anajua maana yake. Sahani ya jirani hairudishwi bila kitu, hata tende tatu. Tulipohamia mji mpya, na bamba likabebwa pamoja nasi, bado alipeleka, na bado ilirudi tupu. "Nimewakosea nini watu hawa?" aliniuliza, mwaka baada ya mwaka, hata nilipokuwa mwalimu katika mji wa Samail na kuja kwa likizo. "Watu ndivyo walivyo, Shangazi," nilimjibu. Mwezi uliopita, hospitali, aliniuliza tena. Nilimjibu vilevile.

Basi Alhamisi ile, wanawake wakiwa kwenye kahawa na halua, akaingia msichana wa miaka thelathini hivi, akatoa mkono wa rambirambi, akaketi karibu nami. Jina lake Moza. Alikuwa muhandisi, na kazi yake ilikuwa kuujenga upya ule msikiti wa zamani kwa udongo uleule. "Mimi mjukuu wa Bu Saif," alisema kwa Kiarabu. "Tuna picha moja tu ya mihrabu, na chini imekatika. Pambo la pembeni hatujui lilikuwaje. Nimesikia kwenu kuna kipande." Nikampeleka uani. Alichuchumaa, akapitisha mkono pembeni mwa bamba, akatazama unene wake. Aliniuliza kama limewahi kugeuzwa. Halikuwahi. Kwa ruhusa ya wenye nyumba tulilipindua kwa chuma cha kupandia miche, tukaliegemeza kwenye mndimu, akaanza kutoa udongo kwa brashi na maji.

Mimi nilikuwa nadhani nyuma ya simenti ni simenti. Lakini ilipigwa juu ya nakshi, na nakshi iliacha sura yake humo, kinyumenyume. Yaliyokuwa yamechimbwa yamesimama, yaliyokuwa yamesimama yamechimbika. Ua likatoka, kisha mnyororo, kisha ua la pili. Chini kabisa kikatoka kivimbe, laini, kikubwa. Moza hakujua ni nini. "Ni kidole gumba," nilimwambia. "Cha babu yake Bu Saif. Aliziba hapo akatia sahihi." Akaweka gumba lake juu yake, akaliacha hapo.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia uani mwa msikiti, na Kiarabu changu kikanikwama mara mbili kama cha msichana. Alinisikiliza bila kuondoa mkono.

"Babu alikufa akisema yule mwanamke aliambiwa akadharau," alisema.

"Hakuambiwa."

"Usiniambie mimi. Mama yangu yuko garini nje. Amenileta na kakataa kushuka."

Shamsa alikuwa kiti cha mbele, kioo kimefungwa, uso umepungua lakini kidevu ni kilekile. Aliteremsha kioo nusu. Nilisimama juani nikarudia kila kitu, na yeye alitazama mbele barabarani kama kwamba mimi ni mtu anayeuliza njia. Nilipomaliza akanigeukia. "Na lile la kukandika bure, kwa jina la mtoto?" akauliza. "Hilo pia hukumwambia?"

"Hilo pia."

Akafungua mlango. Hakunipa mkono. Alipita mbele ya wanawake, kahawa zikasimama vinywani, akauliza chumba cha marehemu kiko wapi akaingia, nami nyuma yake. Kitanda kilikuwa kimeondolewa shuka. Juu ya godoro palikuwa na mto na kanga moja imekunjwa. Shamsa alisimama mwisho wa kitanda, penye miguu.

"Mwambie," alisema kwa Kiarabu, sauti nzito ileile ya kwenye falaji. "Mwambie Shamsa binti Bu Saif amekuja. Mwambie tumemrudishia sahani tupu maisha yake yote na yeye hakuwa na kosa. Mwambie atusamehe."

"Shamsa," nilisema, "hayupo wa kuambiwa."

"Mwambie. Na mara hii usipunguze."

Nikageukia kitanda, nikamwambia Shangazi kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nilianza na ya Bu Saif: kwamba ukuta ule ni udongo tangu chini mpaka juu.